Je, Ni Wajibu Kutafuta Ugonjwa Usiouma?

Jumapili moja, baada ya ibada, wakristu walipokwisha kutawanyika, baba mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta kofia yake. Ni mtu wa miaka 58, baba wa watoto sita, mkulima wa hapa Walungu, mtu wa sala asiyekosa shirika lake. Tulipobaki wawili akasema: "Mwalimu, nina swali, lakini usilitaje jina langu." Nikamwahidi, na ahadi hiyo naishika hata katika makala hii.

Akaendelea: "Kaka yangu alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa prostati. Mimi siumwi kitu. Nalala vizuri, nalima vizuri. Lakini mwanangu aliye Bukavu ananihimiza nikapimwe damu, na damu ikionyesha neno, nikapigwe picha, hata kama ni kuvuka mpaka. Fedha hatuna. Tuna ng'ombe mmoja tu, naye ndiye karo ya shule ya kitinda mimba wetu. Mke wangu asema nikapimwe. Mimi nasema Mungu anajua. Basi niambie, Mwalimu: nisipokwenda, natenda dhambi? Na nikimwuza ng'ombe, simwibii mtoto?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe majuma mawili. Sababu ya kutojibu upesi nitaieleza, ingawa yaniaibisha.

Miaka michache iliyopita mzee mwingine alinijia akilalamika kwamba mkojo wamtoka kwa shida, kwamba aamka usiku mara tano au sita, tena mgongo wamwuma. Nikamwambia: "Ni uzee huo, Baba. Tusali novena." Tukasali. Novena haikuwa kosa. Kosa lilikuwa lile neno "ni uzee huo", maana nilisema jambo nisilolijua kana kwamba nalijua. Baada ya miezi vijana walimbeba mpaka hospitalini, miguu yake haina nguvu tena. Madaktari walikuta saratani imekwisha kufika katika mifupa ya mgongo. Alikufa kwa amani, amepakwa mafuta matakatifu, wala hakunilaumu. Lakini tangu siku ile nimejiwekea sharti: mtu akiniuliza habari za mwili, kwanza niwaulize wenye kuujua mwili, ndipo niseme habari za roho.

Basi niliwauliza madaktari, nikasoma, nikafungua tena madaftari yangu ya seminari. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nawapeni ninyi wasomaji, kwa sababu swali la baba yule si lake peke yake.

I. Tezi hii ni kitu gani?

Wengi wetu hulitaja jina la prostati kwa mzaha au kwa kunong'ona. Tulitaje kwa heshima, maana ni kazi ya Mungu Muumba. Kwa Kiswahili huitwa tezi dume. Ni kitu kidogo, kisichozidi limau changa kwa mtu mzima. Kipo chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na njia ya mkojo hupita katikati yake kama mfereji upitao katikati ya shamba. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochukua mbegu ya uzazi. Basi kila baba anayeitwa baba anayo sababu ya kuishukuru.

Mwanaume akizeeka, tezi hii hukua. Kukua huko kwa kawaida si saratani. Hubana mfereji, mkojo ukatoka kidogo kidogo, mtu akaamka usiku mara nyingi. Saratani ni jambo jingine: ni chembe za mwili zilizoacha utaratibu wake, zikaongezeka bila kutii, tena zaweza kuhama na kufika mifupani. Mara nyingi huanza pembeni mwa tezi, mbali na mfereji, na kwa hiyo mwanzoni haiumi wala haizuii mkojo. Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Mwenye taabu ya mkojo aweza kuwa hana saratani, na asiyesikia taabu yoyote aweza kuwa nayo.

Tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Katika mwaka 2022 wanaume wapatao 1,470,000 duniani waligunduliwa kuwa nao, na karibu 397,000 walikufa. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara ndiyo saratani inayowapata wanaume kuliko saratani nyingine zote. Huko Uingereza imehesabiwa kwamba katika wanaume wanane mmoja huipata maishani mwake, lakini katika wanaume weusi ni mmoja kwa wanne. Tena mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ni karibu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo mwana aliyemhimiza baba yake hakusema upuzi.

II. Vipimo vyasema nini, na havisemi nini?

Vipimo ni kama mashahidi mbele ya baraza. Shahidi mmoja hatoshi kumhukumu mtu, na kila shahidi aulizwe kile tu alichokiona.

Shahidi wa kwanza ni kidole cha daktari, apimaye tezi kwa kupitia njia ya haja kubwa. Ni jambo la dakika moja, wala halihitaji mashine. Akisikia ugumu au kijinundu, ana sababu ya kutafuta zaidi. Lakini kidole hakifiki kila upande.

Shahidi wa pili ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Tezi hutoa protini fulani ambayo kiasi chake kidogo huingia katika damu. Kiasi kikipanda, huenda kuna saratani. Lakini hupanda pia kwa sababu ya tezi kukua tu, au ya uchafu katika njia ya mkojo, au ya mpira wa kutolea mkojo, hata ya tendo la ndoa siku zilizotangulia. Daktari Richard Ablin wa Marekani, mmoja wa wale walioieleza protini hiyo mwaka 1970, aliandika hadharani mwaka 2010 akilalamika kwamba kipimo hiki kinatumiwa kwa watu wote bila kuchagua, na kwamba hakiwezi chenyewe kutambua saratani.

Shahidi wa tatu ni picha. Iko ekografi, inayoonyesha ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni. Hiyo yapatikana katika hospitali nyingi, lakini saratani ndogo huipita. Iko picha ya sumaku, ambayo madaktari wetu huiita IRM, nayo huona vizuri zaidi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba picha hiyo ikitangulia, karibu mtu mmoja katika kila wanne waweza kuepushwa na sindano. Lakini mashine yake ni ya bei kubwa sana, Walungu haipo, na safari ya kuifuata yaweza kuzidi bei ya picha yenyewe.

Shahidi wa mwisho, ambaye peke yake aweza kutaja saratani kwa jina, ni vipande vidogo vya tezi vinavyochukuliwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Sindano hiyo yaweza kuleta damu na homa.

Sasa, wale waliopimwa wote wamepata faida gani? Huko Ulaya, katika nchi nane, uchunguzi ulianza mwaka 1993 juu ya wanaume wapatao 162,000. Baada ya miaka 23 ilionekana kwamba kati ya wanaume 456 walioitwa kupimwa PSA, kifo kimoja cha saratani hiyo kilizuiwa. Kifo kimoja si kitu kidogo. Kila mtu ni mtoto wa Mungu. Lakini wengine wengi katika hao hawakupata faida hiyo, na baadhi yao walipewa jina la wagonjwa wa saratani, wakapasuliwa, kwa ajili ya saratani ya polepole ambayo isingewaua kamwe.

Maana saratani za tezi hii si za namna moja. Ni kama nyoka aliyeonekana nyumbani. Yuko mwenye sumu, yuko na yule asiyemdhuru mtu, anayetafuta panya tu. Kipimo chaweza kukuambia yuko nyoka, nawe usilale usiku, kumbe ungezeeka naye salama. Uingereza waliwagawa wanaume 1,643, ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, katika vikundi vitatu: wa kwanza waliangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara, wa pili walipasuliwa, wa tatu walichomwa kwa mionzi. Baada ya miaka 15, katika kila kikundi watu wapatao 97 kwa 100 walikuwa hawajafa kwa saratani hiyo. Wale walioangaliwa tu, ugonjwa uliwaenea wengi zaidi kuliko wenzao. Lakini waliopasuliwa, wengi walibaki na taabu ya kuvuja mkojo na ya udhaifu katika ndoa.

Basi tuelewe: kupimwa si tendo moja. Ni mlango wa njia ndefu. Anayeingia mlangoni na aulize njia yaelekea wapi, na kama ana miguu ya kuipita.

III. Wazee wawili wa Afrika

Hapa kwetu wazee wanakumbuka jinsi jina la prostati lilivyosikika kila mahali. Mwezi wa Agosti 1996 Rais Mobutu Sese Seko, aliyetawala tangu Novemba 1965, alipasuliwa saratani ya tezi dume huko Lausanne, katika nchi ya Uswisi. Alipokuwa angali anatibiwa Ulaya, vita viliwaka huku Kivu, na tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa akauawa mjini Bukavu. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu alikimbia Kinshasa, na tarehe 7 Septemba mwaka huo huo akafa Rabat, nchini Moroko, ana miaka 66. Wako waliocheka. Mkristu hacheki ugonjwa wa mtu, hata wa yule aliyemtesa.

Mwaka ule ule 1997, Desmond Tutu, askofu mkuu mstaafu wa Waanglikana huko Cape Town, aliambiwa ana saratani ile ile. Wakati huo alikuwa akiongoza Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika ya Kusini. Alitibiwa, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena, akaendelea na kazi yake. Alikufa tarehe 26 Desemba 2021, ana miaka 90.

Mobutu alizaliwa Oktoba 1930, Tutu Oktoba 1931. Wote wawili walipata madaktari hodari. Mmoja aliishi mwaka mmoja na kidogo baada ya kupasuliwa, mwingine miaka 24 baada ya kuambiwa. Tusiseme upesi kwamba huyu alipimwa mapema na yule alichelewa, maana hatukuwa chumbani mwa madaktari. Twajifunza hili tu: fedha na picha zaweza kununuliwa, lakini siku za maisha hazinunuliwi, tena, kuambiwa "una saratani" si sawa na kuambiwa "unakufa". Wanaume wengi wanaogopa kipimo kwa sababu ya kuyachanganya maneno hayo mawili.

IV. Kanisa lafundisha nini?

Kanisa halina mashine za kupimia, lakini lina mafundisho juu ya mwili, nayo ni ya zamani kuliko mashine zote.

Kwanza, maisha si mali yetu. Tumekabidhiwa, kama mtumishi aliyekabidhiwa talanta. Kwa amri ya tano yatupasa kuyatunza kwa kadiri ifaayo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kutozidharau dawa, kwa kuwa Mungu ndiye aliyezitoa katika nchi. Papo hapo amwambia mgonjwa asali. Hakutenganisha sala na dawa. Mimi ndimi niliyezitenganisha siku ile nilipomwambia mzee "ni uzee huo".

Pili, wajibu huo una mpaka. Fransisko wa Vitoria, Mdominiko wa Hispania aliyefariki mwaka 1546, alifundisha kwamba mtu halazimiki kutoa mali yake yote ili aurefushe uhai wake, wala kula vyakula vya bei kubwa hata kama tabibu asema vitamfaa. Baba Mtakatifu Pio XII, akisema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida, na njia za kawaida ni zile ambazo, kwa kadiri ya watu, mahali, nyakati na utamaduni, hazimletei yeye wala mwenzake mzigo mzito kupita kiasi. Njia zinazopita hapo mtu aweza kuzitumia akitaka, mradi asivunje wajibu mwingine ulio mkubwa zaidi, lakini halazimiki. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yatuambia tuitunze afya kwa busara, tukiyaangalia pia mahitaji ya wengine.

Mwangalie maneno hayo "kwa kadiri ya mahali na nyakati". Picha ya sumaku kwa mtu wa Paris mwenye bima ni njia ya kawaida. Kwa mkulima wa Walungu atakayeuza shamba, tena katika siku hizi ambapo safari na fedha vimekuwa vigumu zaidi tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, picha ile ile yaweza kuwa njia isiyo ya kawaida. Picha haikubadilika, mzigo ndio uliobadilika. Wala si kwamba maisha ya mkulima yana thamani ndogo kuliko ya mtu wa Paris. La hasha! Ni aibu ya dunia kwamba mizigo haiko sawa, na wakubwa watajibu mbele ya Mungu. Lakini maskini asibebeshwe dhambi ya jambo asiloliweza.

Tatu, lipo neno ambalo wanaume wengi huliogopa wasiseme. Dawa mojawapo ya saratani iliyokwisha kuenea ni kuondoa mapumbu, kwa sababu maji yake ndiyo yanayoilisha saratani. Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha jambo hilo mwaka 1941, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ni upasuaji mdogo, nao mara nyingi hupunguza sana maumivu ya mifupa. Je, ni halali kuondoa kiungo kizima ili kuzuia ugonjwa ulio mahali pengine? Pio XII alijibu swali hilo hilo tarehe 8 Oktoba 1953, mbele ya madaktari wa magonjwa ya mkojo. Alisema ni halali, ikiwa kiungo hicho kikibaki kinauletea mwili mzima hatari kubwa, ikiwa hakuna njia nyingine ya kuizuia, na ikiwa faida inayotumainiwa inalingana na hasara. Kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima. Basi mgonjwa aliyekubali dawa hiyo hakupoteza uanaume wake mbele ya Mungu, wala asipotezewe heshima yake mbele ya watu.

V. Basi nani yampasa nini?

Sasa twaweza kupambanua.

Mtu mwenye dalili, yaani mkojo unaozuilika, damu katika mkojo, maumivu ya mifupa yasiyoisha, miguu inayolegea, huyo yampasa kwenda hospitalini. Kwake uchunguzi wa kidole, wa mkojo na wa damu, na ekografi kama yapatikana karibu, ni njia za kawaida. Asipokwenda kwa sababu ya uvivu au haya tu, anakosa juu ya zawadi ya Mungu na juu ya watoto wake. Na akilegea miguu au mkojo ukifunga kabisa, asingoje hata usiku mmoja.

Mtu asiye na dalili, kama baba yule wa Jumapili, hana sheria inayomlazimisha. Akipimwa, atenda vema; asipopimwa baada ya kufikiri kwa busara, hatendi dhambi. Neno kubwa ni hilo: baada ya kufikiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba busara ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru. Asiyetafuta shauri kwa sababu anaogopa jibu, hawezi kusema ametumia uhuru wake. Amekimbia tu.

Mtu mwenye miaka 80, aliyechoka, asiyeumwa, aweza kuacha vipimo hivyo kwa dhamiri safi. Hata madaktari wa Marekani, katika maagizo yao ya mwaka 2018, waliwaachia wanaume wa miaka 55 mpaka 69 waamue wenyewe pamoja na daktari, na waliofika miaka 70 wakawashauri wasipimwe bure bila dalili. Watoto wasimburute mzee wao kwa picha ili majirani waone kwamba wanampenda. Mara nyingine mapendo ni kukaa naye, kumpikia uji, na kumwita padri mapema.

Na mali ya nyumba je? Baba si mwenye mali peke yake. Ng'ombe wa karo ni wa mtoto pia. Kumwuza ili baba aliye mgonjwa kweli atibiwe, yaweza kuwa haki, na mtoto mwema atakubali. Kumwuza kwa ajili ya picha ambayo hakuna daktari aliyeiagiza, kisha kukosa fedha za dawa yenyewe, si busara. Afadhali kuanza na shahidi wa bei ndogo, aliye karibu. Mwenye mituweli na aulize kwanza inalipa nini.

VI. Visingizio vitatu

"Mungu anajua." Ni kweli, anajua. Anajua pia kwamba alikupa akili, na hospitali kando ya barabara. Kumwachia Mungu jambo tuliloweza kulifanya wenyewe ni kumjaribu. Imani husema, "Nimefanya niwezalo, sasa Bwana, mikononi mwako."

"Naona haya, mtu mzima kupimwa na kijana, tena huko nyuma!" Haya ni mlinzi mwema wa usafi wa moyo, lakini mlinzi asimfungie mwenye nyumba ndani nyumba ikiungua. Mama zetu wamevumilia mikono ya wakunga na madaktari kila walipotuzaa. Je, sisi waume zao tutashindwa na dakika moja?

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote. Mwanaume amekonda, mifupa yauma, hakupimwa; watu wanaanza kunong'ona: "Amelishwa sumu. Ni karuho." Kisha wanamtafuta mwenye sumu, na daima wanampata: jirani, mjane, mke wa kaka. Nyumba ngapi za milima hii zimegawanyika kwa namna hiyo, huku ugonjwa uliokuwa na jina lake haukuulizwa jina! Kipimo kisipomponya mgonjwa, chaweza bado kumwokoa jirani na uzushi. Kuutafuta ukweli juu ya mwili ni kuilinda amri ya nane juu ya ndugu zetu. Hata kama pasingekuwa na dawa yoyote, hii ingekuwa sababu ya kutosha kwa mwenye dalili kwenda kuulizia.

VII. Jibu nililompa

Majuma mawili yalipokwisha, baba yule alirudi, safari hii pamoja na mkewe. Nikamwambia: "Baba, hutendi dhambi usipopimwa. Lakini usijifiche nyuma ya neno hilo. Jiulizeni ninyi wawili mambo manne. Kwanza: mnataka kujua nini, na kwa nini? Pili: jibu likiwa baya, kuna tiba mnayoweza kuifikia, nanyi mngeikubali? Tatu: likiwa jibu la mashaka, mwaweza kulichukua kwa uvumilivu bila kukimbilia kisu? Nne: mzigo utamwangukia nani?"

Walikaa juma zima wakizungumza, wakampigia simu mwana wao. Wakaamua hivi: baba atapimwa, kwa sababu kaka yake alikufa na yeye bado ana watoto wa kulea, lakini hapa hapa kwanza, kwa kidole na kwa damu, na gharama italipwa kwa maharagwe ya msimu huu. Ng'ombe haguswi. Picha haitafutwi mpaka daktari aseme inahitajika, na hapo watakaa tena.

Alikwenda. Kidole hakikusikia ubaya. Damu ilikuwa juu kidogo. Daktari akasema hilo pekee si ushahidi. Arudie baada ya majuma kadhaa. Sasa anangoja. Juzi alinikuta njiani, jembe begani, akaniambia: "Mwalimu, kungoja ni kazi nzito kuliko kulima." Nikamwambia kwamba ndivyo ilivyo, nami nangoja pamoja naye. Sikumwambia "si kitu". Neno hilo nimeliacha.

Yasimuliwa juu ya Mtakatifu Peregrino Laziosi, msimamizi wa wagonjwa wa saratani, kwamba mguu wake ulioza, daktari akapanga kuukata kesho yake, naye akakubali. Usiku akaenda kusali mbele ya msalaba, na asubuhi daktari alipokuja alikuta mguu umepona. Sisi hukumbuka muujiza. Tukumbuke pia kwamba Peregrino alikuwa amekwisha kumkubali daktari kabla ya kupiga magoti.

Baba mpenzi usomaye ukurasa huu, kama una dalili, nenda juma hili. Kama huna, keti na mkeo mfikiri pamoja, kisha amueni kwa amani. Nawe mwenye ndugu anayengoja jibu, usimpe mzaha, usimpe uganga wa sokoni, usimtafutie mchawi. Mpe saa moja ya kukaa naye. Mwana wa Mungu aliyewagusa wagonjwa bila haya, na awaguse baba zetu wote, wanaojua ugonjwa wao na wasioujua. Amina.